Chokaa Ni Jina Moja, Vitu Vitatu

Hotuba kwa wakulima, wazazi na wanafunzi wa sekondari, Wilaya ya Mbeya, mwezi Septemba, kabla ya msimu wa kilimo

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shamba wetu, walimu wenzangu, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, vijana wa kidato cha tatu na cha nne: mwagonile. Na kwa waliotoka upande wa Iringa na Njombe, kamwene. Asanteni kwa kuniita.

Mezani hapa nimeweka vifuko vitatu vya unga mweupe. Vimepita mikononi mwenu tangu asubuhi, vikiwa vimefungwa, na kila niliyemuuliza hiki ni nini alinijibu neno moja: chokaa. Hamkukosea hata mmoja. Ila kifuko cha kwanza kina kitu ambacho kuku analishwa kila siku na mtu anameza akiwa na kiungulia. Cha pili kinachubua mikono na kinaweza kupofusha jicho. Cha tatu ukikimwagia maji kinachemka bila moto. Lugha yetu imevipa vyote jina moja, na nimefundisha kemia miaka mingi nikiona jina hilo moja likiwatia watu hasara shambani na likiwapeleka wengine hospitali. Leo nataka tutenganishe.

Tuanze na jiwe, maana hilo ndilo mama yao wote.

Jiwe hili nimelitoa Songwe. Wengi wenu mnapajua: kiwanda cha saruji kiko huko, chemchemi za maji ya moto ziko huko, na yale mapango yenye popo yako huko. Kwa kemia jiwe hili, ambalo likisagwa ndilo kifuko cha kwanza, ni kalsiamu kaboneti: kalsiamu moja, kaboni moja, oksijeni tatu. Si gumu. Mwanafunzi, chukua kisu ulikwaruze. Mmeona, linakwaruzika. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, hili lina 3. Sasa chukua na hili jiwe jingine jeupe, la barabarani. Kisu kinateleza tu. Hili ni kwazi, ugumu wake ni 7, na linakwaruza hata kioo. Yote mawili ni meupe, na nimeshuhudia mtu akibeba kiroba cha kwazi kilichopondwa akiamini amebeba chokaa.

Kisu kinasaidia, ila ndimu inasaidia zaidi. Nadondosha matone mawili juu ya jiwe la Songwe. Njooni karibu, msikilize pia, maana linatoa sauti. Lile povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ndani ya jiwe. Nikiidondoshea kwazi ndimu nzima, haifanyi lolote. Kipimo hiki hakina gharama, hakihitaji umeme, na ndicho nitakachowarudisha mara kwa mara.

Nimekuja pia na ganda la yai. Nalo linatoa povu, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ganda hilo ni kalsiamu kaboneti. Gamba la konokono, povu. Kipande cha tumbawe nilicholeta miaka ya nyuma kutoka pwani, povu. Na marumaru ya kweli ni jiwe hili hili lililopikwa na kukandamizwa ardhini. Kwa hiyo konokono wa bustanini kwako na mlima wa Songwe wanatumia matofali ya aina moja.

Kitu kimoja tu kwenye meza hii kitawashangaza walimu wenzangu: chaki ya ubaoni. Naidondoshea ndimu. Kimya. Chaki nyingi za madarasani zinatengenezwa kwa jasi, yaani kalsiamu salfeti, ambayo haina kaboneti ndani yake. Jasi ni jamaa wa mbali. Naomba mlikumbuke jina hilo, jasi, maana tutakutana nalo tena shambani.

Sasa nataka niwaonyeshe jinsi jiwe la Songwe linavyozaliwa. Sehemu hii naipenda kuliko zote, mnisamehe nikikaa hapo kidogo.

Jana jioni nilikoroga kijiko kidogo cha unga wa kifuko cha pili kwenye maji, nikaacha utulie usiku kucha. Maji ya juu, haya mnayoyaona safi kama ya kunywa, ni maji ya chokaa. Msiyanywe. Binti wa kidato cha tatu, njoo. Huu ni mrija wa soda. Vaa miwani hii, kisha puliza taratibu ndani ya glasi. Usivute, puliza tu.

(Anapuliza.)

Maji yamekuwa meupe kama maziwa. Pumzi yake ina kaboni dayoksaidi, gesi imekutana na chokaa iliyoyeyuka, na papo hapo imetengeneza chembe ndogo sana za jiwe. Binti huyu ametengeneza jiwe kwa pumzi yake mwenyewe. Endelea, usiache.

(Anaendelea kupuliza.)

Mnaona yanavyorudi kuwa safi? Gesi ilipozidi, ilianza kuliyeyusha lile jiwe ililolitengeneza. Na hicho ndicho kinachotokea chini ya ardhi. Maji yenye gesi nyingi hupita kwenye miamba, huyeyusha kalsiamu na kuibeba bila kuonekana. Yakifika juu pale chemchemi, gesi inatoroka hewani kama soda iliyofunguliwa, na maji hayana tena nguvu ya kubeba mzigo wake. Yanautua. Tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka, ndiyo yakajenga mwamba wa Songwe ambao wanajiolojia wanauita travatini. Ukiukata unaona mistari, na vishimo vidogo vidogo ambamo zamani palikuwa na majani na mapovu.

Kina mama mna ushahidi wa jambo hili jikoni. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni travatini ya nyumbani. Maji yakichemka gesi inatoka, na mzigo unabaki kwenye birika. Mimina siki, iache nusu saa, suuza. Hakuna haja ya kukwangua na kisu mpaka birika litoboke.

Na gesi yenyewe haiko mbali. Rungwe, kaboni dayoksaidi inatoka ardhini kiasi cha kuvunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya vinywaji vya soda. Halafu jirani na gereza la Songwe kuna Mlima Panda, ambao mwamba wake wa kaboneti ulipanda kutoka chini ukiwa uji wa moto, na ndani yake kuna niobiamu, madini ya kuimarishia chuma. Nyanda hizi zetu za volkano zimekaa juu ya gesi hiyo na mawe hayo, na watoto wetu wanafundishwa kaboneti kwa kukariri kana kwamba ni habari ya nchi nyingine. Hilo linaniuma.

Twende kwenye kifuko cha tatu, kile kinachochemka.

Ukilichoma jiwe la chokaa kwenye tanuru mpaka nyuzi joto 900 hivi, gesi yote inafukuzwa. Kinachobaki ni kalsiamu oksaidi, chokaa hai. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi, unashusha kutoka tanuruni kilo 56 tu. Kilo 44 zimeondoka hewani. Daktari mmoja wa Scotland, Joseph Black, katika miaka ya 1750 alipima kwa mizani kupungua kwa namna hii na akatambua kwamba ndani ya mawe kumefungwa hewa ya aina yake. Hiyo ndiyo gesi tuliyoipuliza sasa hivi. Mchoma chokaa wa Songwe naye anaujua upungufu huo kwa mgongo wake, maana alipakia tanuru limejaa na akashusha mzigo mwepesi.

Chokaa hai ina kiu. Nadondosha maji kidogo kwenye sufuria hii, na naomba mrudi nyuma hatua tatu.

Mmeona mvuke. Hakuna moto chini yake. Kilo 56 za chokaa hai zinanywa kilo 18 za maji, zinatoa joto kali, kisha zinapasuka na kuwa unga laini wa kilo 74. Unga huo ndio kifuko cha pili, chokaa iliyozimwa. Hii ndiyo mnayopaka kutani, ndiyo mafundi wanayochanganya na mchanga, ndiyo inayopakwa mashina ya miti na mawe ya kando ya barabara siku mgeni anapokuja.

Ukiipaka ukutani inakauka, na watu wanadhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza. Polepole inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na baada ya wiki na miezi inarudi kuwa jiwe lile lile lililoingia tanuruni. Wazee wa pwani waliijua kazi hii. Walichoma matumbawe, wakapata chokaa, wakajengea Kilwa. Kuta za jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 bado zinaonekana, na kinachoshika yale matumbawe ni chokaa iliyogeuka jiwe.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Chokaa hai na chokaa iliyozimwa zote zinaunguza. Maji ya chokaa yana pH zaidi ya 12 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni kinyume cha uchachu), na jicho halina kinga dhidi ya hicho. Nilipokuwa mwalimu kijana, mtoto wa jirani yangu alikuwa akimsaidia fundi kuzima chokaa kwenye pipa. Aliinama kutazama. Ile chokaa ikaruka. Watu waliomzunguka, kwa nia njema kabisa, walimfuta kwa kitenge kikavu na wakaanza kutafuta gari. Hakuna aliyemwagia maji. Alipofika hospitali ilikuwa imepita zaidi ya saa moja, na jicho moja halikurudi. Ni mtu mzima sasa, ana familia yake, na mimi kila nikimwona nakumbuka kwamba ndoo ya maji ilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama.

Kwa hiyo: chokaa ikiingia jichoni, mwagia maji safi hapo hapo, mengi, yatiririke dakika zisizopungua 20, kope zikiwa zimeshikwa wazi. Ndipo utafute gari. Usitie siki, usitie ndimu, usitie maziwa. Ikiwa ni unga mkavu kwenye ngozi, ukung'ute kwanza, kisha osha kwa maji mengi. Na unapozima chokaa, tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Ukimwaga maji kidogo juu ya chokaa nyingi, unajitengenezea bomu.

Saruji nitaipita haraka, maana mnaitumia kila siku. Ni jiwe la chokaa lililosagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, likachomwa kwenye nyuzi joto zinazofika 1,450 hivi, kisha likasagwa tena na jasi kidogo ili isigande haraka mno. Joseph Aspdin wa Uingereza ndiye aliyepata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Kiwanda cha Songwe kiko pale kilipo kwa sababu jiwe liko pale.

Chunya sitaipita haraka, kwa sababu najua vijana wengi wa hapa wanaenda kule kwenye dhahabu.

Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu ya kwanza kutolewa, yanapochenjuliwa kwa sayanaidi, chokaa hutiwa ili pH ikae juu ya 10. Wengine wanaona ni desturi tu ya plenti, yaani mtambo wa kuchenjulia, kitu cha kusafishia maji. Sivyo. pH ikishuka, sayanaidi inageuka gesi ambayo inaua mtu kwa dakika chache. Chokaa ndiyo inayoifungia ndani ya maji. Na hapa ndipo jina moja linapokuwa hatari ya kifo: unga wa jiwe, yaani kifuko cha kwanza, hauwezi kuipandisha pH kufika 10 hata ukitia lori zima. Unaishia kwenye 8 na kidogo, na kwenye 8 sehemu kubwa ya sayanaidi tayari ni ile gesi. Kazi ile inataka chokaa hai au iliyozimwa. Kijana ukitumwa kununua chokaa ya plenti, ukarudi na chokaa ya kuku kwa kuwa ilikuwa rahisi, umeweka maisha ya wenzako rehani. Na hata ukinunua iliyo sahihi, pima pH, usikisie.

Haya, shamba.

Udongo wetu unachachuka. Bwana Shamba amelisema mara nyingi, mimi naongeza sababu. Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini ambako mizizi haifiki. Sehemu za Rungwe zinapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, fikirini maji hayo yanaosha nini. Mazao nayo tunayoyauza yanaondoka na kalsiamu ndani ya magunia. Na mbolea tunazozitegemea, Urea, DAP na hasa SA (salfeti ya amonia), zinaacha uchachu udongoni kila msimu. Sisemi mziache. Nasema mjue kwamba deni linaongezeka.

Uchachu hupimwa kwa pH, kipimo cha 0 hadi 14, ambapo 7 ni katikati. Ndimu iko kwenye 2 hivi. Kila hatua moja kushuka ni uchachu mara kumi, kwa hiyo shamba lenye pH 5 ni chachu mara kumi kuliko lenye 6, ingawa kwenye karatasi tofauti ni moja tu. Likishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo huanza kuyeyuka. Alumini hiyo ni sumu kwa mizizi. Ng'oa mhindi uliodumaa utazame: mizizi imekuwa mifupi, minene, kama vidole vilivyokatika. Na fosfati uliyoinunua kwenye mfuko wa DAP inashikwa na alumini na chuma, inafungwa, mmea hauioni. Majani ya mahindi yanakuwa ya zambarau wakati mfuko wa mbolea ulimwaga wewe mwenyewe. Mkulima anaongeza mfuko wa pili. Nimewaona watu wanakopa kwa ajili ya mfuko huo wa pili. Maharage ndiyo yanayoteseka zaidi, kwa kuwa vijidudu vya kwenye vifundo vya mizizi yake, vile vinavyovuna naitrojeni ya hewani, havipendi uchachu.

Hapo ndipo jiwe la chokaa lililosagwa linapokuja. Linakutana na uchachu wa udongo kama lilivyokutana na ndimu yangu. Gesi inatoka, uchachu unakufa, kalsiamu inabaki. Ni povu lile lile, ila ndani ya udongo linatokea polepole, kwa miezi, huwezi kulisikia.

Niwaambie kilichonipata mimi. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na kishamba cha maharage nyuma ya nyumba ya mwalimu. Nilikwenda duka moja nikaomba chokaa, nikapewa mfuko, nikarudi nimefurahi. Asubuhi ile ile niliimwaga, nikamwaga na SA juu yake, nikapanda. Kabla sijamaliza mistari, harufu ya amonia ilinipanda puani kama nimeingia zizi la mbuzi lililofungwa wiki nzima. Ile ilikuwa mbolea yangu inaondoka hewani. Nilikuwa nimenunua chokaa iliyozimwa, ya kupaka nyumba, na ukiikutanisha na mbolea ya amonia inaifukuza papo hapo. Mbegu nyingi ziliungua, zilizochipua zilikuwa za njano. Nilikuwa na shahada ya kemia. Kila kitu kilichotokea kwenye kishamba kile ningeweza kukiandika ubaoni kwa milinganyo, lakini sikuwa nimejiuliza ile chokaa ni ipi kati ya tatu.

Kwa hiyo ya shamba ni chokaa ya kilimo: jiwe lililosagwa, la kawaida au la dolomaiti, ambalo lina magnesiamu pia na linafaa udongo uliopungukiwa na magnesiamu. Iwe laini kama unga. Chembe kubwa kuliko milimita 2 karibu hazina kazi, zitakaa shambani mpaka wajukuu wazikute. Niliwahi kuuziwa mifuko mitano iliyokuwa punje punje kama chenga za mchele. Ilikuwa jiwe halali kabisa, povu lilitoka, ila miaka mitatu baadaye punje zilikuwa bado pale.

Imwage miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Mvua zetu zinaanza Novemba, ndiyo maana niliomba mkutano huu uwe Septemba na si Desemba. Chagua siku isiyo na upepo, sambaza sawasawa, kisha ichimbie sentimita 15 hadi 20, maana haitembei. Ukiiacha juu itatibu juu tu. Usiichanganye na mbolea siku moja.

Kiasi gani? Hapa nawaomba msinilazimishe nitaje namba moja ya wote, maana namba hiyo itakuwa uongo kwa nusu yenu. Udongo wa mfinyanzi na ule wa majivu ya volkano unataka chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH ikiwa sawa. Pimeni. Pitia shamba kwa kupindapinda, chimba sehemu 15 au zaidi kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, chukua nusu kilo upeleke kwa wataalamu wa udongo. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo hapa Uyole, wengine wanasafiri siku nzima kukifikia. Wakikupa jibu kwa tani, nitakusaidia kulileta chini: tani moja kwa ekari ni kama robo kilo kwa kila mita moja ya mraba. Yaani mfuko wa kilo 50 unatosha eneo la mita 10 kwa 20. Pima eneo hilo kwa kamba mara moja, mwaga mfuko mmoja, mkono wako utazoea.

Wenye chai, nyumbani kwenu kuna amani: chai inapenda uchachu, msiitie chokaa. Wenye viazi nendeni taratibu, kwa kuwa udongo ukitibiwa kupita kiasi ngozi ya viazi hutoka magamba na mnunuzi atawakatia bei. Na yeyote asizidishe. Udongo ukipanda mno, zinki na chuma vinafungwa, na mahindi hutoka na mistari myeupe pande mbili za uti wa jani. Mtu aliyezidisha chokaa hawezi kuizoa.

Na jasi je? Mtauziwa jasi kwa jina la chokaa, wakati mwingine kwa kutojua tu. Jasi ina kalsiamu na salfa, karanga zinaifurahia. Lakini haiondoi uchachu, kwa sababu ile iliyokuwa inaua uchachu ni kaboneti, na jasi haina.

Kuku nimewaacha mwisho, kwa kuwa kina mama waliniandikia swali. Kuku wa mayai anahitaji gramu 4 hivi za kalsiamu kila siku, na ganda la yai moja linachukua karibu gramu 2. Akikosa, ataitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, miguu inalegea, na mayai yanatoka na ganda kama karatasi. Mpeni chokaa ya jiwe, kifuko cha kwanza, na ikiwa punje punje ndiyo bora zaidi kwake, maana hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka usiku ganda linapojengwa. Maganda ya mayai pia yanafaa, yachemsheni, yakaushwe, yapondwe. Ile ya kupaka ukuta, kamwe. Itamuunguza koo.

Jinsi ya kutofautisha dukani, basi. Omba kijiko kimoja. Tia siki. Povu likitoka ni jiwe, chokaa ya shamba na ya kuku. Povu likiwa la kusuasua pasha siki moto kidogo, huenda ni dolomaiti. Povu likiisha ongeza siki mpaka lisitoke tena, utazame kilichobaki chini: huo ni mchanga uliouziwa kwa bei ya chokaa. Povu lisipotoka, tia kijiko kingine kwenye maji kidogo ndani ya bati. Likipata joto, ni chokaa hai. Lisipopata joto, koroga kwenye maji, acha yatulie, na upulize kwa mrija kama binti yetu. Yakiwa maziwa, ni iliyozimwa. Yakibaki vile vile, huenda umepewa jasi. Ukimaliza nawa mikono, na fanya yote haya ukiwa umevaa miwani.

Siki ninayo lita tano, na ndimu kikapu kizima. Waliokuja na chokaa zao za nyumbani waje upande huu wa meza, tuzijaribu moja moja. Waliobeba udongo wamwone Bwana Shamba pale chini ya mwembe. Ana kipimo cha pH, ataandika jina la shamba na namba. Vijana wa kidato cha nne, miwani iko kwenye boksi, kila mmoja avae kabla hajagusa kitu. Na yule mama aliyeniuliza juu ya birika lake, ukoko wake umeshalainika, njoo ulichukue.